Jinsi ya kuyafikia maporomoko ya Montagne d'Ambre, kaskazini mwa Madagaska

Kaskazini kabisa mwa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini, kuna mlima wa volkeno uliosimama peke yake juu ya nchi kavu. Wafaransa waliuita Montagne d'Ambre na jina hilo ndilo lililobaki kwenye ramani na tiketi. Chini ya mlima, mjini Antsiranana, ambao wengi bado wanauita Diego, nyasi hukauka miezi kadhaa mfululizo na vumbi hupeperuka barabarani. Juu, msitu unadondosha maji mwaka mzima. Mvua ya huko inapita milimita 3,500 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile inayonyesha mjini. Mvua hiyo ndiyo inayolisha maporomoko unayoyatafuta, na ndiyo inayojaza mabomba ya Antsiranana.

Mwongozo huu ni wa msafiri wa Afrika Mashariki anayetaka kwenda mwenyewe, kwa miguu yake na kwa pesa ya kadiri. Nina ushauri mmoja mkubwa na nitauweka hapa mwanzoni: usiifanye kuwa safari ya nusu siku. Wengi hukodi gari asubuhi Antsiranana, huingia msituni saa nne jua likiwa limepanda, hupiga picha kwenye maporomoko mawili, kisha hukimbilia chakula cha mchana ufukweni. Wanyama wameshatulia, mwongoza wageni anaangalia saa, na njia nzima inapita bila mtu kuona kitu. Lala mlimani. Ingia msituni mapema. Mengine yote yaliyo hapa chini yanasimama juu ya hilo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Msimu mkavu huwa Mei hadi Novemba, na wa mvua Desemba hadi Aprili. Vimbunga vya Bahari ya Hindi huja zaidi kati ya Januari na Machi. Miezi hiyo mitatu iache, hata kama tiketi ya ndege ni ya bei ya chini: barabara hukatika, safari za ndege huahirishwa, na vijito vya msituni hupanda ghafla.

Kwa maoni yangu mwezi mzuri kuliko yote ni Mei. Maporomoko bado yamejaa maji ya masika, njia zimeanza kukauka, na vinyonga bado wanatembea. Juni hadi Agosti hali ya hewa ni ya baridi na ya kupendeza kwa kutembea, lakini vinyonga wengi hupunguza mwendo na kujificha, kwa hiyo utawatafuta sana. Septemba na Oktoba maji hupungua, ila ndipo lemuri, wanyama wa mitini wanaofanana na kima, huzaa, na ukiwa na bahati utaona mama amembeba mwanawe tumboni.

Jambo moja ambalo watu wa pwani hawalitegemei ni baridi. Lango la hifadhi liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na kilele kinafika mita 1,475. Kuanzia Aprili hadi Novemba upepo wa kusi, ambao huko wanauita varatraza, huvuma kwa nguvu. Mjini unapeperusha kofia, na huko juu unaleta ukungu na manyunyu hata katikati ya msimu mkavu. Beba sweta.

Hatua ya 2: Viza, chanjo na pesa

Raia wa nchi nyingi hupata viza ya utalii wakifika uwanja wa ndege, au huiomba mtandaoni kabla ya kuondoka. Angalia utaratibu wa sasa kwenye ubalozi au tovuti rasmi, kwa sababu ada na masharti hubadilika. Hakikisha pasipoti ina miezi sita mbele na kurasa tupu.

Cheti cha homa ya manjano usikiache nyumbani. Madagaska hukidai kwa wanaotoka au waliopitia nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Kongo zimo. Hata wewe unayeanzia Dar es Salaam, ukiunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa unaweza kuulizwa. Malaria ipo kisiwani kama ilivyo kwetu, na kinga uliyoizoea mwilini isikufanye ujione salama: zungumza na daktari kuhusu dawa, na beba ya kupaka dhidi ya mbu.

Pesa ya huko ni ariari. Huwezi kuinunua Nairobi wala Dar kwa urahisi, hivyo beba yuro, ubadilishe ukifika. Mashine za kutolea pesa zipo Antsiranana, ila huko mlimani usizitegemee. Toa pesa yote ya mlimani ukiwa mjini, na uombe noti ndogo, kwa sababu chenji ni shida kila mahali.

Hatua ya 3: Fika Antsiranana

Njia fupi ni kuruka hadi mji mkuu, Antananarivo, kisha kuchukua ndege ya ndani hadi Antsiranana. Ratiba za ndani hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo usipange kurudi nyumbani siku ileile unayotoka Antsiranana. Weka angalau siku moja ya akiba.

Njia ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kuanzia kisiwa cha Nosy Be. Unavuka kwa boti hadi Ankify, unapanda gari hadi Ambanja, kisha unafuata barabara kuu namba 6 kuelekea kaskazini, kama kilomita 240. Utapita mashamba ya kakao ya Ambanja na nchi ya mawe ya Ankarana, na ukifika utaelewa kwa nini mlima mmoja wenye msitu ni kitu kikubwa katika eneo hilo. Kutoka Antananarivo kwa barabara ni zaidi ya kilomita elfu moja. Sikushauri, isipokuwa una wiki nzima ya kutumia njiani.

Mjini utajisikia nyumbani kuliko unavyotarajia. Bajaji zinakimbia kila kona, misikiti iko mingi, na jamii ya Wangazija ni kubwa. Lugha yao ni dada wa Kiswahili, basi usiogope kujaribu maneno yako. Salamu ya Kiislamu inapokelewa vizuri, na salamu ya kawaida ya kaskazini ni “mbola tsara”. Kifaransa kidogo kitakusaidia kwenye hoteli na ofisini. Ukiwa na saa mbili za ziada, nenda kwenye makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola. Mwaka 1942 brigedi ya Afrika Mashariki, wakiwemo askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), ilishuka bandari hii wakati wa vita vya kukiondoa kisiwa mikononi mwa serikali ya Vichy, yaani Wafaransa walioshirikiana na Ujerumani.

Hatua ya 4: Panda Joffreville na ulale huko

Joffreville ni mji mdogo ubavuni mwa mlima, kilomita kama 30 kutoka Antsiranana. Ulipewa jina la Joseph Joffre, kamanda wa Wafaransa pale Diego mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye baadaye aliongoza jeshi la Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Maofisa walikuja hapa kukimbia joto. Nyumba zao za mawe bado zipo, nyingine zimebomoka, nyingine zimekuwa nyumba za wageni.

Magari ya abiria, yanayoitwa taxi-brousse, hupanda kutoka Antsiranana na huondoka yakijaa. Nenda stendi asubuhi. Ukikodi teksi, patana bei kabla ya kupanda na mkubaliane waziwazi kama dereva atakusubiri, atarudi kesho, au atakushusha tu. Safari huchukua saa moja na zaidi kutegemea mashimo. Usishangae kuona mafungu ya miraa yakishushwa kutoka mlimani: mashamba yake yapo kwenye miteremko hiyo, na zao lililetwa na Wayemeni miaka mingi iliyopita. Kama dereva anatafuna tangu jana usiku na macho yamemwiva, tafuta mwingine.

Joffreville kuna nyumba za kulala za bei tofauti, kuanzia vyumba vya kawaida kwa familia hadi loji za gharama. Chakula agiza mapema, kwa sababu jikoni hawapiki kitu ambacho hakijaombwa. Unaweza pia kupiga hema ndani ya hifadhi, kwenye kituo cha Roussettes. Huko ndiko pazuri kupita kote kama una hema lisilovuja na mfuko wa kulalia wa joto, maana unaamkia chini ya miti na lemuri wanapita juu ya hema lako.

Jioni ya kwanza, omba matembezi ya usiku kwenye barabara iliyo nje ya hifadhi. Ndani hairuhusiwi kutembea usiku. Kwa tochi mwongozaji ataonyesha vinyonga waliolala kwenye ncha za matawi, weupe weupe chini ya mwanga, pamoja na lemuri wadogo wa usiku ambao macho yao yanang'aa rangi ya machungwa.

Hatua ya 5: Tiketi na mwongoza wageni

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1958 na inasimamiwa na shirika la Madagascar National Parks. Utalipa vitu viwili tofauti: kiingilio cha hifadhi na malipo ya mwongoza wageni. Malipo ya mwongozaji hutegemea njia utakayochagua na idadi ya watu, na bei zimebandikwa ofisini. Zisome, chagua njia, kubali bei, kisha ndipo mwondoke. Ukiwa peke yako, subiri kidogo langoni: wageni wengine wakitokea mnaweza kugawana gharama ya mwongozaji mmoja.

Mwongozaji ni lazima, na mimi ningemchukua hata kama isingekuwa lazima. Kinyonga Brookesia tuberculata, mmoja wa vinyonga wadogo kuliko wote duniani, ana urefu wa sentimita tatu hivi akiwa mtu mzima, na anaishi kwenye majani makavu ya sakafu ya msitu. Wewe na mimi tungemkanyaga. Yeye aliyezaliwa Joffreville anainama, anafunua jani moja, na anakuonyesha.

Mweleze tangu langoni mambo matatu. La kwanza, unataka kutembea polepole. La pili, maporomoko yapi unayataka. La tatu, hali ya magoti yako, bila kuficha. Anajua ngazi zipi zimeoza na njia ipi ina matope wiki hiyo.

Hatua ya 6: Mavazi na mkoba

Kwa aliyewahi kupanda hadi Sanje kule Udzungwa, matembezi haya ni mepesi. Njia kuu ni pana na mteremko si mkali, isipokuwa pale unaposhuka kwenye makorongo ya maji. Adui hapa ni utelezi na unyevu.

Vaa viatu vya kufunga kamba vyenye soli yenye meno. Malapa na viatu vya mpira laini viache chumbani. Suruali iwe ndefu na nyepesi, soksi ziwe ndefu. Msimu wa mvua ruba ni wengi: chomeka suruali ndani ya soksi, na upake soksi sabuni kavu au dawa ya wadudu. Akikung'ata usimvute kwa nguvu wala kumchoma kwa kiberiti. Pitisha ukucha chini ya mdomo wake mwembamba, atatoka. Damu itaendelea kutiririka kidogo kwa sababu mate yake huzuia isigande. Osha, funga kitambaa, na usikune.

Mkobani weka maji lita mbili kwa mtu, chakula cha mchana, koti la mvua, fulana ya kubadilisha, taulo jepesi, tochi hata kama unaingia asubuhi, bandeji na dawa ya kidonda. Simu na pasipoti tia kwenye mfuko usiopitisha maji. Beba na mfuko mtupu wa kurudishia takataka zako, pamoja na maganda ya ndizi na machungwa, kwa kuwa lemuri wakizoea mabaki ya watu huacha chakula chao na kuanza kupora kambini.

Hatua ya 7: Anza na Cascade Sacrée, na uende kwa adabu

Kutoka langoni hadi Roussettes kuna barabara ya udongo ndani ya msitu. Gari hufika, ila tembea kwa miguu ukiweza. Kando yake utaona kangaga wakubwa kama miti, na kangaga wengine waliokaa juu ya matawi na kukusanya majani yaliyooza kama kapu. Pale Roussettes penyewe miti mingi mirefu ni ya kigeni, iliyopandwa na Wafaransa waliokuwa wakijaribu mbegu. Msitu wa asili unaanza nyuma yake.

Njia ya kwenda Cascade Sacrée, yaani maporomoko matakatifu, ni fupi na inafaa hata kwa watoto na wazee. Maporomoko yenyewe si makubwa. Maji yanateremka juu ya ukuta wa mwamba uliofunikwa kangaga na mimea midogo inayodondosha matone, yanaingia kwenye kidimbwi kilichotulia chini ya kivuli. Mtu aliyekuja kutafuta kishindo anaweza kupita haraka. Asipite.

Mahali hapa Waantankarana, wenyeji wa kaskazini hii, huja kuwaomba wahenga wao baraka, mtoto, afya au kazi. Utakuta wameacha asali, sarafu, vipande vya kitambaa au chupa ya pombe. Wengi wao ni Waislamu tangu karne ya 19, mfalme wao Tsimiharo aliposilimu, na heshima kwa wahenga haikukoma. Mtu wa pwani yetu aliyekulia karibu na kaya za Wamijikenda atapaelewa mara moja: msitu umebaki umesimama kwa sababu kuna sehemu zake ambazo watu wanaziogopa na kuzipenda.

Basi fuata hivi. Muulize mwongozaji kabla hujafika ni miiko gani ya hapo, ambayo wao huiita fady. Usioge katika kidimbwi, usitie mguu, usiguse wala kusogeza sadaka, hata sarafu iliyodondoka njiani. Usibebe nyama ya nguruwe: ni mwiko kwenye sehemu nyingi takatifu za kaskazini. Ukitaka kuonyesha kitu, kunja kidole au tumia mkono mzima, kwa sababu kunyoosha kidole kuelekea patakatifu au kaburi ni utovu wa adabu. Ukikuta familia inaomba, simama mbali, weka simu mfukoni, subiri wamalize. Ibada ya mtu usiipige picha bila ruhusa yake, na akikataa usimwombe mara ya pili. Kama unataka kuacha kitu, mwongozaji atakuambia nini na wapi.

Nimeona wageni wakicheka kwa sauti mbele ya mama aliyekuwa ameinama pale akiomba. Iliniuma, na ndiyo sababu nimeandika sehemu hii kwa urefu.

Hatua ya 8: Cascade Antankarana, na jinsi ya kusoma maji

Njia ya pili inatoka Roussettes upande mwingine na inamalizikia kwa ngazi za kushuka korongoni. Hapa ndipo watu huanguka. Shuka ukiangalia mguu, ukishika mti ulio hai na si fimbo iliyokaa tu, na ukiacha nafasi kati yako na aliye mbele. Ngazi za mbao zikilowa, kanyaga upande wa ndani, karibu na mlima. Ukitaka kuangalia juu, simama kwanza.

Chini utakuta bakuli la mwamba lililozungukwa na kuta za kijani, maji yakianguka upande mmoja na kidimbwi katikati. Kwangu hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote mlimani. Kaa. Dakika kumi za kwanza utasikia maji tu, kisha masikio yatazoea na utaanza kutofautisha ndege. Yupo kwenge wa miamba mwenye kifua cha rangi ya kutu ambaye kwa wataalamu wengi hapatikani kwingine duniani nje ya mlima huu. Mwongozaji akinyamaza ghafla, tazama anapotazama yeye.

Kuhusu kuogelea, muulize mwongozaji hapo hapo na umtii. Hata anaporuhusu, kuna mambo ya kuzingatia kwenye maporomoko yoyote ya msituni, ya hapa au ya kwingine.

Usirukie maji ambayo hujayapima kwa miguu yako. Kidimbwi chenye rangi nyeusi kinaweza kuwa na jabali nusu mita chini ya uso. Usisimame chini kabisa ya maji yanayoanguka, kwa kuwa mawe na matawi huanguka pamoja nayo. Mwamba wenye utelezi wa kijani ukanyage kwa kuchuchumaa, mikono ikiwa karibu na ardhi.

Zaidi ya yote, tazama rangi na sikiliza sauti. Mvua inaweza kunyesha juu kileleni huku wewe umekaa juani. Maji yaliyokuwa meupe yakianza kuwa ya kahawia, majani na vijiti vikianza kupita kwa wingi, mngurumo ukikaza, au kiwango kikipanda hata upana wa kidole kwenye jiwe uliloliwekea alama, toka mara moja na upande juu. Usirudi kuchukua viatu. Mafuriko ya korongoni hayampi mtu muda wa kufikiri. Ndiyo maana ukifika tu, kabla hujavua mkoba, jionyeshe mwenyewe njia ya kupandia.

Maji haya usiyanywe bila kuyachemsha au kuyatibu. Kichocho kipo Madagaska, hasa kwenye maji yaliyotulia ya mabondeni. Kijito cha msituni chenye mwendo na ubaridi hakina hatari hiyo kiasi hicho, ila matumbo yako hayajui vijidudu vya huko.

Hatua ya 9: Grande Cascade, kwa mwenye pumzi

Grande Cascade ina kimo cha mita 80 na unaitazama kutoka juu, kwenye sehemu ya kuangalizia. Njia ni ndefu kuliko mbili zilizotangulia. Ukungu ukishuka unaweza kufika na usione chochote zaidi ya weupe na sauti. Nenda asubuhi, na kama mwongozaji akisema leo hakuna haja, mwamini. Usivuke kamba wala ukingo kutafuta picha. Udongo wa ukingoni umeshikwa na mizizi tu.

Mtu akiwa na siku moja pekee ningemwambia achague Cascade Sacrée, Cascade Antankarana na ziwa dogo la kreta liitwalo Coupe Verte, ambalo liko karibu na Roussettes na maji yake ni ya kijani kama jina lake la Kifaransa linavyosema. Grande Cascade na kilele viachie siku ya pili.

Hatua ya 10: Njiani, tafuta wanyama

Lemuri wa mchana ni wa aina mbili hapa. Mmoja ana alama ya rangi ya machungwa kichwani iliyokaa kama taji, na mwingine, wa Sanford, dume lake lina nywele ndefu za masikioni na mashavuni. Asubuhi na alasiri ndipo wanapotembea. Huishi vikundi na wakikuona watakoroma kukuonya. Usiwape ndizi. Mnyama mwekundu mwenye mkia wa pete anayenusanusa kambini anafanana na nguchiro, na atafungua mkoba wako usipoufunga.

Mjusi mkia-jani, Uroplatus, analala mchana akiwa amejibana kwenye gome la mti, kichwa chini, na pindo la ngozi yake linafuta kabisa kivuli chake. Mwongozaji akikuonyesha, utatazama sentimita ishirini kutoka kwake na bado usimwone. Usimruhusu mtu yeyote amchokoe kwa kijiti ili afungue mdomo kwa ajili ya picha. Mwambie tu kwa upole hutaki hivyo, umetosheka kumwona. Waongozaji hufanya hivyo kwa kudhani wageni wanapenda, nao huacha wakijua.

Nyoka wa Madagaska si hatari kwa maisha ya binadamu, hivyo mwenye hofu hiyo aipumzishe. Nge na tandu wapo: kung'uta viatu asubuhi, na usitie mkono chini ya gogo.

Picha za maporomoko hutoka vizuri siku ya mawingu kuliko ya jua kali, kwani jua likipenya majani hutia madoa meupe kila mahali. Beba kitambaa kikavu cha kufutia lenzi na ushikilie simu kwa mikono miwili.

Hatua ya 11: Kutoka na kurudi

Toka msituni kabla ya saa kumi jioni. Ukungu huingia na giza la chini ya miti hutangulia lile la nje. Ukitegemea taxi-brousse ya kushuka mjini, uliza asubuhi saa ya gari la mwisho, na ukikosa jibu la uhakika panga kulala usiku wa pili.

Mpe mwongozaji bahshishi mkononi mwake kama amekutendea vyema, na umnunulie chakula cha mchana mkiwa mmekaa pamoja, kwa sababu wengi hutembea na wageni tangu asubuhi bila kula. Ukienda Joffreville nunua matunda, mboga na asali kwa akina mama wa barabarani. Kiingilio ulicholipa kinaenda mbali kabla hakijafika kwao.

Ukirudi chumbani vua soksi nje, kagua vidole na nyuma ya magoti kuona kama kuna ruba aliyebaki, na uoshe viatu udongo wote kabla ya kwenda msitu mwingine. Udongo hubeba mbegu na magonjwa ya vyura. Vilaze viatu pembeni vikiwa vimejazwa gazeti, maana kwa unyevu wa Joffreville havitakauka kabla ya kesho kutwa.